Radi na Kumbukumbu za Seva

Nilipomaliza masomo ya jioni ya kompyuta niliamini kabisa kwamba radi ya Bukoba hunusa seva iliyojaa kumbukumbu, halafu huja kuipiga. Fundi redio mmoja wa Buhembe ndiye aliyenieleza, nami nikayaeneza maneno hayo hadi makanisani.

Chama chetu cha kahawa kiliponipa kazi ya kupanga namna ya kukusanya kumbukumbu za seva, yaani mafaili ambamo kila seva huandika inachofanya, sikukusanya hata moja. Za kituo cha Izigo zilibaki Izigo, za Kagoma zikabaki Kagoma. Msimu ukafika, mizani ya kahawa, inayoendeshwa na seva hizo, ikagoma kila kituo. Wakulima wakakaa juu ya magunia yao, mimi nikizunguka Muleba nzima kwa bodaboda, flashi mfukoni, nikitafuta kosa lilikoanzia. Vumbi nililomeza lingetosha kupanda mgomba.

Niliporudi ofisini, mama msimamizi wa chama aliuliza, "Kwa nini seva zisitume nakala za kumbukumbu hapa zenyewe?"

"Waitu mama," nilimsihi kwa Kihaya, "radi itatumaliza."

Nikamweleza maneno ya fundi, akanisikiliza hadi mwisho.

"Radi hufuata mnara na nyaya," alisema. "Yaliyomo kwenye seva haiyajui. Funga waya wa kuipeleka radi ardhini, halafu nakala zote zije hapa."