Nilivyomtania Babu wa Mchumba Wangu Msibani

Mimi ni karani huku Kasulo. Jumamosi baba alinipigia simu kutoka Biharamulo kwamba mtani wetu, mzee mmoja wa Nyakisasa, amefariki.

"Nenda ukamtanie vizuri," akasema. "Mtani akinyamaza msibani, ukoo mzima unaaibika."

Sijawahi kumtania marehemu maishani mwangu. Njia nzima nilifanya mazoezi nyuma ya bodaboda. Mchumba wangu alipiga simu mara tatu, sikupokea.

Sikuwahi kufika Nyakisasa, na dereva alinishusha kwenye turubai la kwanza tuliloliona. Nikavaa kofia ya marehemu iliyokuwa juu ya kiti, nikachechemea na fimbo yake, nikatangaza kuwa mzee huyu alikuwa mchoyo na amekufa makusudi ili asitulishe. Hakuna aliyecheka. Nikadhani sijajitahidi vya kutosha, basi nikajilaza kwenye mkeka wa wafiwa nikidai pombe yake.

Mjane akaniinamia. "Baba, watani wetu wamefika tangu asubuhi. Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia.

"Watani wenu wana msiba ng'ambo ya kilima," akasema taratibu. "Kwetu, wazee wa ukoo huo ndio waliokuja kumposa mjukuu wangu."

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi.

"Nilikupigia nikuambie babu amefariki," akasema.

Nikamwamkia bibi shikamoo nikiwa bado nimelala, kofia ya mumewe kichwani.