Ndondocha Watatu wa Mama

Kosa la kwanza ni langu, simsingizii mtu: mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilitangaza kwamba mama yangu anafuga ndondocha.

(Ndondocha, kwa asiyejua, ni mtu anayesemekana kachukuliwa kichawi, ndugu zake wanajua wamemzika, kumbe analimishwa usiku shambani kwa mchawi.) Tulikuwa tumehamia Nkowe kutoka Kiegei, mama na mimi tu, baba alishafariki, na shamba letu la korosho lilikuwa safi kuliko mashamba ya wenye vibarua sita, basi jirani yetu Bi Somoe akaanza kunong'ona kwamba mjane yule halimi peke yake. Maneno yakatembea. Vitumbua vya mama vikawa vinarudi nyumbani na beseni lake vile vile vilivyotoka, tunavila wenyewe mchana na jioni.

Mama aliendelea kukaanga vile vile. Mimi nikajiona nina akili kumzidi (kidato cha pili, mnajua tena), nikaamua kuwakomesha kwa mzaha. Siku moja bombani Bi Somoe akaniuliza mbele ya wanawake wote, "Hebu tuambie mwanangu, nani anawapalilia?"

Nikatua ndoo, nikajibu bila kucheka, "Tunao watatu, bibi. Wawili wanapalilia, mmoja anaipulizia mikorosho dawa ya salfa. Ukitaka, mama atakuazima."

Nilitegemea watacheka. Hakucheka mtu.

Keshokutwa yake mama akaitwa ofisi ya kijiji, watu wamejaa mpaka nje, na wengine wameshasema aletwe mganga amnyoe hadharani, kama wanavyofanyiwa wanaoitwa wachawi, na mwanamke akishanyolewa hana tena pa kuishi. Mama alikaa kwenye mkeka, mkono mmoja umeshikilia kanga aliyojifunga kichwani. Ule mkono ndio ulionisimamisha.

"Mwenyekiti, nilikuwa natania."

"Ulitania. Basi shamba lile anapalilia nani?"

"Mama."

"Saa ngapi, mbona sisi hatumwoni?"

"Anatoka kabla ya adhana ya alfajiri. Jua likichomoza ameshaanza kukaanga vitumbua."

"Na wewe, dume zima?"

(Hapa ningepata pa kuingia, ningeingia.) "Nalala, mzee."

Kijiji kizima kikaangua kicheko, Bi Somoe akacheka mpaka akajifuta macho, na aliyetaka mganga akakosa wa kumsikiliza. Nilichekwa mpaka shuleni, muhula mzima, wakaniita Ndondocha. Lakini wapo ambao hawakununua tena vitumbua vya mama, na hao nikiwaona hadi leo naangalia chini, kwa sababu uongo wa Bi Somoe ulikuwa tetesi tu mpaka mimi nilipousemea ndiyo. Sitanii tena na jina la mtu, hata la adui.

Siku ile ya ofisini tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika mlangoni akalichukua jembe lake, akanikabidhi, akasema:

"Watatu, mwanangu? Mimi ningeshukuru hata mmoja."