Supu ya Jando ya Mbwa Diwani

"Ni wewe uliyeniambia nimpe supu, Mama Kabiru. Sasa chukua tambara ufute."

"Nilisema kikombe. Sikusema sufuria."

Rispa, Mama Obonyo kwa majirani, alisimama mlangoni mwa chumba chake cha Shauri Moyo, pua ameiziba kwa leso, akitazama matapishi yaliyotambaa toka kitandani hadi chini ya meza. Mwanamke huyu amepasua samaki sokoni Gikomba tangu usichana wake. Siku moja utumbo wa mbuta ulimrukia mdomoni, akautema na kuendelea kusengenya. Lakini uvundo huu wa Diwani, mbwa wa mjukuu wake Jacklyne, ungerudisha treni ya Makadara ilikotoka. Nzi wenyewe walichungulia, wakaenda zao.

Neno moja ndilo lililoleta balaa. Jacklyne alipomtoa mbwa kwa daktari wa mifugo, aliona haya kumtajia nyanya yake, amwitaye Dani, makende. "Dani, ametahiriwa," akasema, huku akikimbilia kazini Donholm. "Asilambe kidonda. Na hiyo koni ya plastiki ya shingoni, ya kumzuia, usiitoe."

Kwao Rispa hawatahiri. Angejuaje kumlea aliyetoka kisuni? Akamwita jirani yake Waruguru, ndiye huyo Mama Kabiru, aliyewatahirisha wanawe wote. Waruguru hakusita: aliyetahiriwa hunyweshwa supu ya kichwa cha mbuzi, wala havalishwi beseni shingoni kama mwizi wa kuku. Koni ikatolewa. Supu ikaingia. Supu ikatoka, tena kwa milango yote miwili.

Sasa Diwani alikuwa amejibwaga kwenye godoro la Rispa, mguu juu, akijilamba, chwap, chwap, bila kuwaonea wazee aibu.

"Mshike mguu," Rispa alisema. "Uzi mmoja ameshaung'oa. Kidonda kikifunguka, mjukuu wangu hatakanyaga hapa tena. Huyu mbwa ndiye mtoto wake."

Waruguru akauinua mguu kwa vidole viwili, uso ameugeuza. Kisha akatazama. Akatazama tena.

"Mama Obonyo, hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani?"

"Mfuko mtupu. Huyu hakutahiriwa. Amehasiwa kama maksai."

Rispa akainama kuhakikisha. "Na mimi nimempikia supu ya kuwa mwanaume."

"Ukampigia na vigelegele."

"Nyamaza ulete hiyo koni."

Wakamlalia mbwa, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Majimaji mekundu ya kidonda, yenye uteute, yakampaka Rispa kiganja kizima. Akajifutia kwenye rinda la Waruguru. Koni ikapita sikio moja, ikagomea la pili.

"Tutamwambia Jacklyne nini?" Waruguru aliuliza.

"Tutasema ilianguka yenyewe. Na supu hakuna aliyeiona. Wewe useme alikula takataka huko nje, mimi nitasema nilikuwa nime—"

Pazia la mlangoni likafunguka. Jacklyne akaingia, kiatu chake cha kazini kikatua katikati ya matapishi.