Vioo vya Kiongozi

Kiongozi wa msafara wetu wa pikipiki ana mdomo wa asali na glavu zisizojua vumbi. Kila Jumamosi kabla hatujaondoka huvipulizia vioo vyake pumzi, huvipangusa kwa kidole gumba, kisha hunigeukia mimi niliyejifunza juzi: "Dada mgeni, kaa nyuma yangu. Nakuona kwenye kioo, ondoa shaka." Nami, juha wa mwisho, nikaondoa.

Leo kwenye kona yenye mchanga niliteleza, nikaburuzwa mpaka suruali ikachanika gotini. Wenzangu wa nyuma ndio walioninyanyua. Yeye tulimkuta kituo cha mafuta, soda imefika nusu. "Mbona mmechelewa? Lakini dada unaendesha vizuri, nimekuona njia nzima!" Damu ikanichemka. Goti linavuja, nimeonwa! Kabla sijafungua mdomo akanitupia ufunguo: "Hebu nisogezee chombo kivulini." Nikakikalia kwa hasira, nikainua macho. Kioo cha kushoto kilinionyesha uso wangu. Cha kulia, uso wangu tena. Barabara haikuwemo hata kipande.