Shingo Isiyotakata

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mama mmoja alipoacha kujisifu kwa unene wa binti yake. Tulikuwa kliniki hapa Kisumu, mlango wa daktari uko wazi, na sisi wa benchi tunasikia yote.

"Daktari, nipe dawa ya uchafu," alisema. "Hii shingo naisugua na jiwe kila asubuhi, weusi hautoki."

Daktari alipima mkojo wa mtoto, kisha presha. "Mama, huu si uchafu. Mwili wake umelemewa na sukari, na ana miaka kumi na miwili tu. Anakunywa nini?"

"Chai tu. Na soda. Baba yake yuko kiwandani Muhoroni, sukari kwetu si shida!"

"Ipunguzeni, na atembee kwenda shule. Lazima apungue."

Mama akasimama. "Apungue? Unataka mtaa wote wa Kondele useme mtoto wangu ana ukimwi?"

Benchi likacheka, likamuunga mkono. Ndivyo tulivyo siku hizi. Aliyekonda tunamzika kwa midomo kabla hajafa, na mnene tunampongeza mpaka tunapombeba kaburini.

Mimi sikucheka. Niliingia nikamshika mkono. "Dada, wangu nilimsugua hivyo hivyo miaka mitatu. Nilimchapa pia, nikimwita mchafu. Kumbe ilikuwa sukari. Tulimzika mwaka jana."

Aliketi polepole. "Daktari," akasema, "chai iwe na vijiko vingapi?"

Ee Bwana, mpumzishe binti yangu, na umwambie kwamba mama yake anaomba msamaha.