Mdoe Aliyesimamishwa Moyo

Mdomo huponza kichwa, na wa Mdoe wa Kerenge ulimponza vibaya. Aliporudi kutoka Ulaya mwaka sabini na tatu, na mshono mrefu kifuani na mwingine mguuni, angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Aliwaeleza watu jinsi maumivu ya moyo yalivyomshika akiendesha lori la katani, serikali ikampeleka kwa madaktari, nao wakatoa mshipa mguuni wakauunga moyoni, penye mshipa ulioziba.

"Na moyo wenyewe waliusimamisha," akajigamba. "Damu ikazungushwa na mashine."

"Ulisimama kabisa?" akauliza Salimu, mdogo wake.

"Kabisa!"

Salimu, fundi wa fitina yule, hakuhitaji zaidi. Moyo ukisimama mtu amekufa, nani asiyejua? Kesho yake akamwendea shemeji yake Hamisa, akamtaka akae eda. Eda, na mume yuko uani anakula ugali! Hamisa alimtimua kwa mwiko. Shehe naye alisema huo ni upuuzi, lakini neno likishatoka halirudi. Watu wakaacha kula na Mdoe sahani moja. Katika shamba la Ujamaa akapewa mstari wake peke yake, na kila palipotokea msiba walimzuia asishuke kaburini.

"Maiti hapokei maiti," walisema, hata siku ya kumzika mama yake mzazi. Salimu ndiye aliyeshuka. Hilo Mdoe hakulisamehe, na nani angelisamehe?

Akaamua kuwakomoa kwa kuishi. Alilima taratibu, kwenye mwinuko akapumzika, kifua kikibana akaweka kidonge chini ya ulimi. Miaka ikapita, yeye yupo.

Mwaka wa vita vya Uganda, Salimu, mzima wa afya, akaanguka shambani akafa palepale. Makaburini watu wakatazamana. Mdoe akavua viatu, akashuka. Hiza, aliyekuwa akichimba, akamshika bega.

"Kaka Mdoe, wewe hapana. Unajua mwenyewe."

"Niachie! Huyu ni ndugu yangu. Mleteni!"

Wakamteremsha. Alikuwa mzito, na moyo wa Mdoe ukadunda hadi masikioni. Akamlaza ubavu wa kulia, akalegeza kamba za sanda, akainama.

"Wangu ulisimama ukapiga tena," akamnong'oneza kwa chuki. "Wako je?"

Kisha akanyoosha mkono juu avutwe. Hakuna aliyeushika. Akapanda mwenyewe.