Mkeka wa Cucu Chini ya Aksileta

Hapana, ngoja kwanza. Usiniambie eti baba yangu alifutwa kwa sababu hakujua gari ya otomatiki. Wewe ulikuwa hapo? Mimi nilikuwa, na mguu wangu ndio ulikuwa kwa aksileta. Jana mtu ameleta gari kama ile hapa gereji yangu Thika, eti inashindwa na mlima. Nikainama chini ya usukani, nikaona kapeti mpya, nene. Nikatoka nje nikakaa juu ya tairi kuukuu. Vijana wangu wakafikiri naumwa.

Sasa sikiza. Miaka ya hamsini tulikaa Ruiru, kwa laini za nyumba za wafanyakazi, shamba la kahawa. Kahawa ikivunwa, maganda yalikuwa yanaoza kando ya mto, na harufu yake tamu mbaya inakufuata mpaka ndani ya sahani ya githeri, mahindi na maharagwe. Baba alikuwa dereva wa mzungu mwenye shamba. Gari ilikuwa ya Amerika, nyeusi, ndefu, haina klachi. Jirani yetu, dereva wa lori, hakumpa nafasi. "Wewe si dereva," alikuwa anamwambia watu wakisikia. "Wewe ni abiria ameshikishwa usukani!" Baba anacheka tu. Mimi nilipigana na kijana yake mara mbili juu ya hayo maneno.

Kwa sababu baba alijua. Kila Jumamosi aliingia chini ya gari, mimi nakaa kwa kiti chake. Alinionyesha fito ya chuma, nyembamba kama kidole, inatoka kwa aksileta, inapita kando ya injini, inashuka mpaka kwa giaboksi. Ukikanyaga kidogo, gari inajibadilishia gia, inaenda zake. Lakini ukitaka nguvu ya mlima, unakanyaga mpaka kwa sakafu. Hapo mwisho kabisa ndio fito inavuta, giaboksi inarudi gia ya chini, injini inanguruma. Hiyo inchi ya mwisho ndiyo kila kitu. "Kanyaga mpaka chini!" baba anaita. Nakanyaga. Anapima fito, anakaza nati.

Halafu mvua ikaja, matope mekundu yakajaa ndani ya gari, mzungu akafoka. Cucu, mama yake baba, alikuwa karibu kupofuka. Akasokota mkonge kwa paja lake, akasuka mkeka wa kuwekwa miguuni pa dereva. Wiki tatu, akipapasa kwa vidole. Ulitoka mnene kama mkate. Baba alipoutandika, cucu aliomba apelekwe aushike humo ndani. Kisha akatangazia laini nzima, "Kazi yangu sasa inaenda mpaka Nairobi!"

Wiki hiyo hiyo gari ikakataa mlima. Jumamosi baba akaingia chini. Mimi nikatoa mkeka kwanza nikaukung'uta, nikakanyaga mpaka chini, baba akapima. Fito iko sawa kabisa. Nikarudisha mkeka. Jumatatu gari ikakataa tena. Jumamosi ya pili, nikishaurudisha, nikakanyaga kwa mchezo tu. Mguu ukakwama kwa mkonge. Ile inchi haikuwako.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua. Cucu alikuwa ameketi hapo karibu akiambua maharagwe. "Mkeka wangu bado mzima?" akauliza. "Mzima, cucu." Baba akatoka chini ya gari, mafuta usoni, akaniuliza kama nimeona kitu yoyote. Nikasema hapana. Angekuwa mtu mwingine amemdharau cucu, ningemrukia na meno. Sasa ningesema mimi mwenyewe?

Wiki iliyofuata mzungu alibeba wageni. Kupanda kutoka mto Chania gari ikatambaa kama mgonjwa. Lori ya jirani ikawapita na magunia yake, honi mpaka juu mlimani. Jioni baba alifika nyumbani na koti lake, na mkeka umekunjwa kwapani. "Tunahama," akasema. Basi.

Kabla hatujahama, jirani akaja. Ni yeye alikuwa amepewa ile gari. Safari hii hakucheka. "Bwana, uliifanya nini? Imepona! Inapanda kama mbuzi."

Baba aliangalia mkeka chini ya miguu ya cucu. Akaniangalia mimi. Ngai, vile aliniangalia.

"Anasema nini?" cucu akauliza.

"Anasema tangu mkeka wako utoke, mama, gari ni matope tupu."

Jirani akafungua mdomo, akaona uso wa baba, akaufunga. Cucu akacheka mpaka akajipangusa macho.

Cucu alizikwa akiwa bado anaisimulia hiyo hadithi. Laini zilibomolewa. Mkeka uliliwa na mchwa. Baba alibeba mawe hapa Thika mpaka mgongo ukaisha, na hakuniuliza hata siku moja, na mimi, na huu mdomo wangu wote, sikusema. Sasa amelala kando ya mama yake.

Basi wewe unayesema hakujua gari, nijibu: baba yangu alifutwa na mzungu, ama na mimi?